London hadi Copenhagen, Siku Nzima

Jumatatu, 3 Novemba
Mbaazi zimeungua. Nilikuwa kwenye simu na mdogo wangu Zuwena, yuko Nizwa, huku huku Oman. Bintiye Salma karibu kujifungua huko Copenhagen, mtoto wa kwanza, na mume kazi yake melini, hayupo. Zuwena kanyimwa viza. Kaniomba binti yangu Raya atoke London akakae na Salma. Raya ana pasi ya Uingereza, hana kizuizi. Nikasema nitamwuliza.

Jumatano, 5 Novemba
Sikumwuliza. Tangu aolewe Raya ananijibu kwa mkato. Akikataa, uso wangu nitauweka wapi? Zuwena kapiga tena. Nikamwambia Raya kasikitika sana, lakini ni mbali mno, ndege mbili, siku nzima njiani. Kaamini. Kamwombea na dua. Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Novemba
Salma kajifungua jana, mtoto mwanamume. Wazima, alhamdulillahi. Kajipeleka hospitali kwa teksi. Kwetu mzazi haachwi peke yake hata kwenda msalani, mpaka arubaini iishe.

Jumatano, 12 Novemba
Nimekwenda Nizwa kumpa Zuwena hongera. Sebule imejaa wanawake, kahawa, halua. Mmoja akauliza mbona Raya hakwenda. Zuwena akanitetea: maskini, siku nzima njiani. Ahlam, binti wa kaka yetu, anasoma chuo, akatazama simu yake. Akasema bila ubaya wowote:
"Shangazi, ni ndege moja tu. Kilomita hazifiki elfu. Haichukui hata saa mbili."
Saa mbili ndizo nilizoendesha mimi kutoka Ibra, nije ninywe kahawa.
Zuwena akasema basi labda tiketi zilikuwa hazipatikani. Akanimiminia kikombe kingine. Bora angenitukana mbele yao.

Usiku nimempigia Raya, nimemwambia yote. Akasema, "Mama, ungeniambia ningekwenda siku ile ile." Wala hakunijibu kwa mkato.

Ijumaa, 14 Novemba
Raya kaondoka asubuhi, mchana yuko kwa Salma. Kaleta picha anamwogesha mtoto. Kampikia Salma uji wa pilipili manga.
Wifi yangu kanipigia. Nizwa wanamsema Raya, eti mpaka asutwe ndiyo aende. Mwanangu anabeba langu, na mimi nimekaa kimya. Uso mkavu, wallahi.

Jumapili, 16 Novemba
Zuwena kapiga baada ya alasiri. Hakuwa mkali. Aliniuliza kama kweli Raya alikataa mwanzo. Nikamwambia hakukataa. Mimi sikumwuliza, niliogopa atanikatalia.
Akasema:
"Salma kazaa peke yake, Dada."
Nikasema najua. Hakukata simu. Na mimi sikukata.