Kwa Baba, Kocha Aliyempeleka Beki Mbele

Mwaka umetimia, Baba, tangu filimbi yako itundikwe kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna aliyethubutu kuipuliza.

Makocha wengine walipanga timu ubaoni. Wewe ulipanga mezani, chai ikiwa bado ya moto: birika ndiye kipa, vikombe ni mabeki, kichupa cha chumvi kiungo mkabaji. Ole wake aliyetaka sukari. Sukari ilikuwa winga wa kushoto.

Siku moja Mama alinyoosha mkono akachukua chumvi. Ukalalamika kwamba amekunyang'anya kiungo na katikati pamebaki uwanja mtupu. Mama, akiendelea kula, akasukuma kikombe cha beki wa kati mpaka kwenye pengo.

"Huyu si amekaa tu? Aende."

Ulicheka, kisha ukakikodolea macho kikombe kile mpaka chai yako ikapoa. Wiki ile ile beki wetu wa kati, yule tunayemwita Nguzo, alianza kupokea pasi fupi ya kipa na kupanda na mpira hadi kiungoni, na mabeki wa pembeni wakabana kuziba nafasi yake. Ulimpa sheria moja: aendaye mbele asigeuke nyuma, waliobaki watalinda.

Mwanzoni tulifungwa, tukachekwa. Mashabiki wakakubatiza Profesa wa Pasi Fupi. Timu iliposhika kasi na waandishi wakaja kuuliza siri yako, uliwajibu mbele ya kamera, "Muulizeni mke wangu." Tulitembea vifua mbele mwezi mzima.

Ulikuwa mkali, lakini hukuwa na kinyongo. Aliyepoteza mpira akijaribu pasi ulimpigapiga begani. Aliyebutua mpira mbele kwa woga ndiye aliyekiona cha moto. Mchezaji akivunjika mguu, ulikwenda kukaa naye hospitali, ukimpangia timu kwa vifuniko vya dawa mpaka wauguzi wakutoe.

Ulipoondoka, timu aliirithi mdogo wako, msaidizi wako wa miaka yote. Tukaanza kuteleza. Mwenyekiti wa klabu akamwambia pasi fupi zimezikwa nawe, abutue mpira mbele au atafute kazi nyingine. Baba Mdogo akajibu kwamba kazi zipo nyingi, kaka alikuwa mmoja.

Mechi ya mwisho ya msimu tulihitaji ushindi, la sivyo tushuke daraja na mfumo wako ufutwe kabisa. Dakika zilikuwa zinayoyoma, hakuna aliyefunga. Kipa wetu ana mpira mguuni, washambuliaji wawili wanamkimbilia, na jukwaa zima linampigia kelele abutue. Mama, aliyekuwa hajawahi kukanyaga uwanjani, alikaa katikati yetu amevaa koti lako. Alisema taratibu tu, kama yuko mezani kwake:

"Aende."

Kipa akampasia Nguzo. Nguzo akapanda, akamvutia mpinzani kwake, akaachia kwa winga wa kushoto, krosi ikashuka, na nyavu zikatikisika. Baba, tumebaki ligi kuu, na tumebaki kwa mpira wako! Mwenyekiti alikuja kumpongeza Baba Mdogo. Akaelekezwa kwa mwenye koti.

Jioni ile Mama aliandaa chai. Alikupangia kikombe chako, kama anavyofanya mpaka leo. Kisha akakisukuma mbele kidogo, polepole.

"Nenda, mume wangu," alisema. "Usigeuke. Huku nyuma tunalinda."

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, aliyekuwa mwalimu wako wa mezani; mdogo wako, anayekaa benchi kwenye kiti cha pembeni, chako hakigusi; sisi wanao, wakwe zako, wajukuu wako, ambao tayari wanagombania nani awe birika, pamoja na wachezaji wako wote.

Kila kipa wetu atakapoanza kwa pasi fupi, jina lako litakuwa midomoni mwetu, leo na siku zote.