Moshi Wako wa Ijumaa

Bibi, mke wangu mkubwa,

Mumeo bado mzuri, usiwe na wasiwasi. Kazi ni ile ile ya gereji kule mtaa wa Ghala, ila sasa nna cheo: magari yote ya kuuzwa nayapiga picha mimi. Kwa simu ile ile uliyokuwa ukiiita kigae. Wenye simu za maana wanakuja kuniuliza nafanyaje, nami nawaringia kwanza. Kisha nawaambia: futa jicho la kamera kwa ncha ya kanzu, usiivute picha, sogea mwenyewe, miguu unayo. Yaliyobaki ni ya baadaye, kwenye programu ya bure. Unainua vivuli, unapunguza jua linalounguza bati, unafuta mikwaruzo. Gari kongwe linatoka mwari.

Basi ujuzi huo ndio ulionitia aibu kwako.

Ulipoondoka, Mama alitafuta picha yako nyumba nzima. Hakuna. Wewe ukiiona kamera tu, kanga usoni: "Niondolee jicho lako hilo." Ipo ya pasipoti, lakini Mama haitaki, anasema umekaa kama mshitakiwa. Nikamwambia asilie, mimi ninayo. Nilikuibia, Bibi. Ijumaa moja asubuhi, hapa hapa nyumbani Bawshar, umeinama juu ya chetezo, kanzu yangu umeishika kwa mikono miwili mpaka imekificha, mdomo wazi. Bila shaka ulikuwa unanitukana. Dirisha liko nyuma yako, kwa hiyo uso umeingia giza, na picha yote imefifia kama ina ukungu.

Nikaifanyia kama gari. Ukungu nikaufuta wote. Uso nikaulainisha. Lile kovu lako la mkononi, la mafuta ya vitumbua, mkwaruzo huo, nikalifuta pia. Nikajisifu peke yangu, nikampelekea Mama jikoni.

Akaitazama sana. "Huyu mwanamke kainamia nini?"

Nikaichungulia tena. Ule ukungu ulikuwa udi, Bibi. Nimekufutia moshi wako, umebaki unatandaza kanzu hewani bila sababu, uso laini kama msichana anayetangaza sabuni. Mama akanirudishia simu. "Huyu si mama yangu." Akageukia sufuria yake. Hakulia. Bora angelia.

Bahati nzuri, picha ile ya asili nilikuwa nayo. Nikaanza upya, polepole, na unanijua, mimi na polepole hatujuani. Nikainua giza la usoni tu, mpaka macho yakaonekana. Mikunjo nikaiacha. Nikatia joto kidogo, rangi ya makaa. Moshi sikuugusa. Kidole kikiniwasha niendelee, nakusikia unavyomwambia Mama kwenye mchuzi: "Chumvi ikitosha, toa mkono." Nikatoa mkono.

Safari hii Mama aliichukua simu mwenyewe. Alikukuza kwa vidole viwili, akapita usoni, akashuka mpaka kwenye mkono. "Lipo," akasema. Kovu. Akaingia nawe chumbani, na simu yangu juu yake, sikurudishiwa mpaka baada ya Isha. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, sikuidai.

Kanzu zangu sasa anazifukiza yeye. Udi anatia mwingi, nanukia harusi za watu. Na kamera naye anaikimbia, kanga usoni, mtoto wako yule. Lakini nakuahidi, Bibi: simwachi. Nitampiga picha akiwa na unga mikononi, akiwa ananigombeza, akiwa amechoka na mikunjo yake yote, na sitamfuta kitu. Asije mtu siku moja akazunguka nyumba nzima akimtafuta.

Pumzika, mke wangu. Mungu akutilie nuru ya kutosha humo ulimo, maana humo mimi siwezi kukuinulia giza.

Mumeo, yule mzuri.