Ngano Niliyoitia Chumvi

Mtaa wa Endoume,
Marseille.
Jumamosi, 27 Desemba.

Mpendwa Dada Odile,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Hujambo wewe, na hilo goti ulilotegua kwenye theluji limepona? Shemeji Bastien anaendeleaje na kazi huko Kanada? Sisi wazima. Mama kikohozi kimemwacha, anapanda ngazi mwenyewe na kugombana na majirani kama zamani. Mimi mwili mzima, ila roho inaniuma. Ni wivu, dada. Haya, cheka kwanza umalize, kisha usome.

Nilikwambia Mama amempokea mwanafunzi kwenye chumba chako cha zamani. Anaitwa Yesenia, ametoka Peru kuja kusoma Kifaransa, ana miaka ishirini na miwili. Alipofika Septemba alijua kusema "habari" na "samahani" tu. Upepo wetu wa mistral ulipovuma wiki ya kwanza alijifungia chumbani, akidhani mji unang'oka. Nikasema moyoni, huyu Krismasi haioni.

Lo! Sasa anashuka Bandari ya Zamani peke yake, anabishana na akina mama wauza samaki mpaka wanamwita kipenzi. Kifaransa chake ni cha Mama kabisa, lafudhi ile ile, matusi yale yale. Kila jioni wanakaa jikoni, Mama anamsahihishia daftari huku wakimenya vitunguu saumu. Mama huyu huyu, Odile! Mimi nilipokosea imla alinirushia mwiko. Kwa Yesenia ni, "Taratibu, mwanangu, rudia." Mwanangu! Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimeugua.

Basi ikafika tarehe nne, siku ya Mtakatifu Barbara. Unajua ngano ya visahani vitatu, ile ya kuibashiria nyumba mwaka ujao, hupandwa na mdogo wa nyumba, na mdogo ni mimi tangu nizaliwe, hata leo nina mvi. Nikatoka kazini duka la dawa na pamba yangu ya kuoteshea mkobani. Nafika, visahani vimeshapandwa, viko dirishani.

"Mama, nani kapanda?"

"Kapanda Yesenia. Mdogo wa nyumba ni yule anayelala nyumbani. Wewe unakuja Jumapili, unakula, unaangalia saa."

Yesenia aliuona uso wangu. "Samahani, dada Solange, sikujua."

Sasa nisikilize, na usimwambie mtu. Wiki iliyofuata nilipita pale, Mama yuko kwa jirani. Ngano imechipua, imenyooka, inapendeza, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Nikakoroga chumvi kwenye kikombe cha maji, nikavimwagilia visahani vyote vitatu. Kugeuka, Yesenia yuko mlangoni.

"Nimesahau daftari," akasema. Akalichukua mezani, akaenda zake.

Ngano ikawa njano, ikalala. Nilitaka Mama aone kwamba mkono wa mgeni hauna baraka, basi. Nilisahau kwamba mwaka aliofariki Baba nayo ilikauka. Mama hakugomba. Siku mbili hakugusa chakula, kisha akanipigia simu kunieleza zilipo karatasi za kaburi la ukoo. Aliamini ngano imemtabiria kifo chake. Na bado, dada, sikumwambia ukweli.

Mkesha wa Krismasi nilikwenda miguu mizito. Nafungua mlango, naona mezani visahani vitatu vya ngano, fupi lakini ya kijani kibichi, imefungwa utepe mwekundu. Na Mama kapaka rangi ya midomo! Akanikumbatia mbele ya watu wote. "Asante, mwanangu, kwa kuja kupanda upya. Nilikosea kumpa mgeni. Damu ni damu."

Ndiyo maneno niliyoyatafuta tangu Septemba. Nayo hayakuwa yangu.

Nikamfuata Yesenia jikoni. Alikuwa anapanga tende na lozi kwenye sinia. Nikamuuliza amemwambia nini Mama.

"Nilipanda nyingine chumbani kwangu, nikamwambia ulikuja ukaipanda wewe. Ile ya kwanza nikamwambia iliharibika kwa sababu yangu, mimi si wa hapa."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Mimi naondoka Juni, dada. Mama atabaki na wewe."

Akabeba sinia, akatoka. Jioni ile yote Mama hakumwita "mwanangu" hata mara moja. Nilikuwa nasikilizia.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Wakicheka wawili bado unanichoma. Lakini kesho ni Jumapili, nitakwenda kumwambia Mama ukweli, Yesenia akiwa amekaa pale pale. Nimekuandikia wewe kwanza ili nijizoeze, maana kila nikianza kwa mdomo nalia.

Nisalimie Shemeji Bastien, na mwanao Corentin umbusu mashavu yote mawili, hata akikataa. Shangazi Berthe anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu awakinge na baridi hiyo, na mimi uniombee kwa hiyo kesho.

Wako akupendaye,
Solange,
mdogo wa nyumba hadi kesho.