Chumba ya meli yenye kibaraza

Sabato jioni, 1994

Na nilikuwa nimeshakataa hiyo safari ya Mwanza, hata kama msichana wangu Kwamboka amezaa na mtoto sijamshika. Bwana yake, mkwe wangu, anakuja kunichukua, na vyumba vya meli ni vya watu wanne. Sasa mimi nilale chumba moja na mkwe? Kwetu Wakisii hiyo ni chinsoni, aibu kubwa sana.

Leo barua ya mkwe imefika. Anauliza kama nitakubali chumba ya peke yangu, yenye kibaraza ya kuangalia maji.

Nilipomwambia jirani yangu Moraa, akacheka. "Wewe na kibaraza, Nyaboke? Huko utasengenya nani, samaki?"

Nikaogopa. Mimi ndio husema watu wakijivuna, sasa nitasemwa mimi.

Lakini nikasoma tena. Ameandika ati mimi mama napenda hewa, na yeye atalala nje kwa benchi. Hewa gani? Mimi sijawahi kumwambia hivyo. Huyo si Mkisii, lakini amejua heshima yetu na hata hakuitaja.

Nimejibu nitaenda. Asante Mungu kwa huyo kijana.

Mdomo wangu haujui kufunga, lakini kwa siri hii nimeufunga. Moraa nimemwambia tu ati napenda hewa.