Kochi Limepita, Mlango Haupo

Kaka,

Chai iko kwenye chupa. Usitoke mpaka fundi arudishe mlango mliong'oa jana ili kochi lipite. Kaa juu yake ulilinde.

Asubuhi nimeikuta cherehani yangu nje, imenyeshewa usiku kucha. Nilipokuuliza ukasema, "Mdogo wangu, wageni wangekaa wapi?" Sijalia wala sijakasirika. Ila mshahara wako wote umeishia kwenye kochi, na cherehani ndiyo iliyokuwa itulishe mwezi huu.

Nimeipeleka kwa mama jirani, amenipa kona. Nikiweza kuikausha, nitashonea huko. ~~Na kulala nitalala huko huko.~~ Jioni nitarudi kupika.

Usilivue kochi nailoni. Mpagazi aliyelileta aliniambia likirudi na nailoni yake, dukani wanalipokea.

Mdogo wako