Sungura wa Shemeji

Dada Mwende, hamjambo huko Kitui? Mimi mzima hapa Nsambya, kwa mumeo, mlinzi wa benki.

Mwenzake wa kazini alimletea sungura wa porini. Shemeji akamchimbia shimo refu la kulala. Nikamwambia huyu halali shimoni, hulala juu, kwenye nyasi. Akanicheka.

Asubuhi akamulika shimo kwa tochi, akasema, "Yuko ndani kabisa, anaogopa sare." Sungura alikuwa amejibanza nyasini karibu na buti lake, masikio mgongoni, macho wazi. Shemeji aliposogeza mguu, sungura aliruka ua akatokomea upande wa Kibuli.

Anasema lazima atarudi kulala. Ninapoandika, bado analinda shimo tupu.

Wasalimie watoto, nawapenda. Mumeo akija likizo, mlango fungeni wenyewe.

Mdogo wako, Muthui