Dkt. Hilaria Isdori: Swali Lako la Kila Jumapili

Mwaka umetimia, Hilaria, tangu kiharusi kilipokuchukua ukiwa kazini, koti jeupe mwilini na chai yako mezani haijaguswa. Ulezi wa kijijini Mollo umeiva tena. Mama yako anasema mwaka huu ni mzuri kuliko ule.

Ulikuwa na vituko vyako. Ukija likizo, kitunguu cha kwanza unachokikuta jikoni kinakwenda dirishani, kinakalishwa juu ya glasi ya maji mpaka kiote mizizi. Mama Monika anapiga kelele, “We Hilaria, hicho cha mboga!” Wewe huyo unakata ncha ya mzizi, unaiweka kwenye hadubini yako ndogo, unamwita aje aone seli zinavyogawanyika. Alichungulia, akasema anaona vumbi. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kazi yako ilikuwa hiyo: kuchunguza seli zinapogawanyika vibaya, na maradhi yanayotokana na kosa hilo. Chuoni walikutania, “Hadubini ya nini, wewe si wa Sumbawanga?” Ukawajibu kwamba vifaa vya kwenu vimekwisha, ndiyo maana umekuja kuazima.

Nyumbani jambo hilo la uchawi halikuwa utani. Miaka minane iliyopita kaka yako Zenon alimpata Scola, mtoto mwenye macho yaliyoinuka pembeni na mwili mlegevu, akataka mtu wa kumlaumu. Akamkumbuka shangazi Rozina, aliyemletea mkewe Bertha kibuyu cha togwa mimba ikiwa ya miezi minane. Mganga naye akaitikia. Basi shangazi, mjane asiye na mtoto, akafukuzwa Mollo na Zenon yule yule ambaye yeye alimbeba mgongoni utotoni. Akaenda kupanga chumba Laela.

Scola alipotimiza miaka mitano ulichukua damu yake, ukarudi na picha ya kromosomu zake, vijiti vimepangwa jozi jozi. Zenon akahesabu kwa kidole. Jozi ya ishirini na moja ilikuwa na vijiti vitatu. Akahesabu tena.

“Hiki cha tatu kimetoka wapi?”

“Seli iligawanyika, jozi moja haikuachana. Hutokea.”

“Nani kafanya?”

“Hakuna mtu, kaka. Na ilitokea kabla mimba haijatungwa. Togwa ilikuja mimba ina miezi minane.”

Zenon akahesabu vijiti mara ya tatu.

Kuanzia hapo ulipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na salamu zikiisha tu: “Kaka, umeshakwenda Laela kumwomba shangazi radhi?” Tukishapalilia, anasema. Tukishavuna. Siku moja akasema barabara mbaya. “Lami tupu hiyo, kaka! Mwogope Mungu!” Ukweli ni kwamba aliona aibu, na aibu ikamshinda miaka miwili. Kwenye msiba wako shangazi alikuja, akamenya viazi na wanawake wenzake nyuma ya nyumba. Zenon akapita njia nyingine. Simu ya Jumapili haikulia tena, lakini yeye bado huiweka mezani akitoka kanisani.

Jumatano iliyopita alipanda basi na Scola. Shangazi alikuwa mlangoni pake anapeta ulezi.

“Shikamoo, shangazi.”

Ungo ukaendelea. Scola naye akasema shikamoo.

“Marahaba, mama,” shangazi akamjibu mtoto.

“Nimekuja kuomba radhi,” alisema Zenon. “Hukumroga mtu.”

“Nani kakwambia?”

“Hilaria. Alinionyesha picha.”

“Lini?”

Angeweza kudanganya. “Miaka mitatu sasa.”

Ungo ukasimama. “Kwa hiyo miaka mitatu ulijua, na ukaniacha hapa.”

“Ndiyo, shangazi.”

Zenon alilia, Hilaria, mtu mzima yule, mbele ya mtoto wake. Shangazi hakumbembeleza wala hakusema amesamehe. Aliingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya togwa. Kimoja akampa Scola. Kingine akamnyooshea Zenon, akasimama kumtazama. Zenon akanywa mpaka akamaliza, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

“Marahaba,” alisema shangazi.

Unakumbukwa na mama yako Monika, kaka yako Zenon, wifi yako Bertha, Scola ambaye sasa kitunguu cha dirishani ni chake, wanafunzi wako wote, na shangazi yako Rozina. Misa ya kukuombea ni Jumamosi saa tatu asubuhi, kigangoni Mollo. Togwa ataleta shangazi.

Tutakukumbuka daima, Jumapili kuliko siku zote. Kaka yako amekwenda Laela.